Simu ya afya ya halmashauri inajibu Kiingereza tu. Nianzie wapi?

Mwalimu_Chekechea aliandika:

Habari zenu wadau. Mnivumilie, habari yenyewe ni ndefu kidogo.

Mimi nafundisha chekechea. Kwa kuwa Kiingereza nakisoma bila shida, wazazi wa watoto wangu wananiletea kila karatasi inayowashinda: barua, kadi za kliniki, maelezo ya dawa. Zamani walikuja nazo asubuhi wakimleta mtoto. Siku hizi wananipigia, au wananitumia picha usiku nikiwa nimeshalala. Simu yangu imegeuka simu ya afya ya mtaa mzima, na mimi si nesi wala si daktari. Nilichosomea ni kumfundisha mtoto kushika penseli.

Kilichonichosha ni tangazo la chanjo ya surua. Lilitoka kwa Kiingereza: zoezi linaanza 8 asubuhi, linakwisha 2 mchana. Mtu fulani, kwa nia njema kabisa, akalitafsiri: "kuanzia saa 8 hadi saa 2". Mnajua kilichofuata. Mama mmoja, ambaye mwanawe mkubwa yuko darasani kwangu, alimfunga mgongoni yule mdogo wa miezi kumi, akafika saa nane kamili mchana. Akakuta wahudumu wanakunja meza, boksi la chanjo limeshafungwa. Akawaonyesha tangazo kwenye simu yake. Wakamwambia amechelewa. Yeye alikuwa anashangaa mbona hamna foleni, akajua amewahi kuliko wote.

Saa ya Kiswahili na ya Kiingereza zinapishana kwa saa sita, hilo kila mtu analijua. Lakini aliyetafsiri alinakili tarakimu akaona kazi imekwisha.

Na msiseme alitakiwa aulize. Aliuliza! Alipiga namba ya halmashauri iliyoandikwa chini ya tangazo, siku moja kabla. Nikamwomba tupige tena pamoja, tukaweka spika. Sauti ya kurekodiwa ikaanza kwa Kiingereza, ikataja ofisi moja baada ya nyingine: kodi, taka, vibali vya ujenzi, makaburi. Mwisho kabisa ikasema, kwa Kiingereza hicho hicho, kwamba anayetaka Kiswahili abonyeze 9. Yaani ili ujue Kiswahili kipo, ujue Kiingereza kwanza. Tukabonyeza 9. Ikaita, ikaita, ikakata.

Tangu siku hiyo nimefungua daftari, naandika kila ninachoulizwa. Mtoto ametapika dawa muda mfupi baada ya kumeza, nimpe tena? Karatasi imeandikwa 1 x 3, ni vidonge vitatu kwa mpigo? Mume wangu kaambiwa majibu yake ni hasi, amekaa kitandani hataki kula, nimwambieje? La pili nililijua: kimoja, kutwa mara tatu. La kwanza sikulijibu, niliwaambia warudi kituoni, na usiku ule sikupata usingizi vizuri.

Nataka halmashauri iweke namba ya kutoa maelezo ya afya kwa lugha zote mbili, Kiswahili na Kiingereza, ijibiwe na mtu mwenye kujua anachosema. Kuna aliyewahi kulisukuma jambo kama hili? Niende kwa diwani, kwa afisa afya, au nikusanye sahihi? Na wakisema hawana pesa, nijibu nini?

Nesi_Mstaafu alijibu:

Mwanangu, hongera kwa daftari. Hilo la "hasi" nimeliona mara nyingi mno. Kwa watu wa maabara, hasi maana yake walichokitafuta hakikuonekana, ni habari njema. Kwa mgonjwa, hasi ni kitu kibaya, kama alivyosikia maisha yake yote. Kwa hiyo mimi nilikuwa simwambii mtu "hasi" peke yake. Nilisema, "Tumeangalia, ugonjwa huo hatujauona."

Neno jingine la kuliogopa ni "dawa". Kwetu dawa ni ya kikohozi, na dawa ni ya panya. Kipindi fulani cha kuharisha tuligawa vidonge vya kutibu maji ya kunywa, tukaviita "dawa ya maji". Mzee mmoja akawa anakimeza kimoja kila asubuhi, anashushia na maji yale yale ambayo hayajatibiwa. Tulishtuka aliporudi kuomba vingine akilalamika vinamchoma tumbo. Alikosea nini? Kidonge, kimetoka kliniki, kinaitwa dawa. Mtu anameza.

Na paketi ya chumvichumvi ya mtoto anayeharisha: zile za kawaida ni paketi nzima kwenye lita moja ya maji safi. Nilishamkuta mama ameikoroga yote kwenye kikombe kimoja cha chai, akidhani ikiwa kali ndiyo inafanya kazi. Ni kinyume chake, chumvi ikizidi mtoto anaweza kudhurika vibaya. Maelezo yalikuwa kwenye paketi, kwa lugha asiyoisoma.

Kwa hiyo ombi lako lisiishie kwenye "atakayejibu ajue Kiswahili". Majibu ya maswali ya kila siku yaandikwe mapema kwa lugha zote mbili, yapitiwe na wenye taaluma, na anayepokea simu asibuni lake. Ajue pia pa kuacha kueleza. Kwa mtoto mdogo tulifundishwa dalili nne: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hazinduki. Ukisikia mojawapo, hakuna cha kufungua kitabu, ni kumwambia mzazi ampeleke mtoto kituoni sasa hivi.

Karani_wa_Vikao alijibu:

Nimeandika mihtasari ya vikao vya halmashauri muda mrefu, nitakuambia lisilopendeza. Ukienda na maneno "wananchi wanateseka", watakusikiliza kwa heshima, watakushukuru, na mtaachana hapo. Nenda na daftari.

Usidai jengo, usidai kitengo kipya. Dai vitu vitatu vidogo. Ile sauti ya kurekodiwa irekodiwe upya, Kiswahili kije mwanzoni. Pili, hiyo 9 iwe na mtu. Tatu, kila tangazo la afya lipitiwe na mtumishi anayejua lugha zote mbili kabla halijatoka. Hilo la kwanza ni kazi ya nusu siku. Ukilipata hilo, umepata mlango wa kuombea mengine.

Wakati nao una maana. Anza na afisa afya, ili asije akalisikia kikaoni mara ya kwanza akaanza kujitetea. Diwani wako aliingize kwenye kamati inayoshughulika na afya, kabla bajeti haijaanza kuandikwa. Bajeti ikishachapwa utaambiwa mwaka ujao, na mwaka ujao utaambiwa tena mwaka ujao. Hoja ya pesa ijibu kwa swali: watumishi wangapi mlionao tayari wanaongea Kiswahili? Mara nyingi wapo, ila hakuna aliyewahi kuwahesabu.

Jiandae na swali moja litakaloulizwa na mtu mmoja, hakosekani: "Kwani hawa watu hawawezi kujifunza Kiingereza?"

Mwalimu_Chekechea aliandika:

Shikamoo bibi nesi. Hilo la mzee na kidonge nimelisoma mara mbili.

Ndugu Karani, swali hilo nimeshaulizwa, tena na mwalimu mwenzangu. Wengi wao wanajifunza. Lakini mimi mwenyewe ninayefundisha kwa Kiingereza kila siku, nilipokuwa na uchungu wa mwanangu wa pili, mkunga aliniuliza kitu kwa Kiingereza nikamjibu kwa lugha ya bibi yangu, ambayo hata Kiswahili siyo. Sikuwa nimeizungumza miaka. Mtu akiumwa lugha ya darasani inamtoroka.

Kuna jambo jingine sikuliandika mwanzo kwa sababu linanitia simanzi. Binti wa miaka kumi na moja, dada wa mwanafunzi wangu, ndiye anayempigia mama yake simu zote. Siku moja akaambiwa na mtu wa upande wa pili amuulize mama kama anatokwa na damu, na kwa siku ngapi. Mtoto akaona haya. Hakumuuliza. Akajibu, "Hapana, hana." Mama alikuwa amekaa pale pale anamwangalia mwanawe, anasubiri kutafsiriwa. Nimeyajua haya kwa sababu binti alikuja kuniambia mwenyewe baada ya siku tatu, mama alipozidiwa. Alihisi ni kosa lake. (Mama yuko salama sasa.)

Mkalimani_Huru alijibu:

Hilo la mtoto kukalimani liweke ukurasa wa kwanza wa ombi lako.

Nakupa na kisa kingine, kinajulikana sana kwenye kazi yetu. Florida, 1980, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali akiwa hana fahamu. Familia yake ya Kikuba ilisema ni "intoxicado". Wao walimaanisha kuna kitu amekula au kunywa kimemdhuru. Madaktari wakasikia neno linalofanana la Kiingereza, wakamtibu kama aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa inavuja kichwani. Ilipokuja kugundulika alikuwa amechelewa, akapooza mikono na miguu, na fidia waliyokubaliana ingefika kama dola milioni 71 kwa maisha yake yote. Hakuna aliyeita mkalimani, kwa sababu kila upande ulidhani umeelewana na mwenzake. Anayekuambia hakuna pesa ya mkalimani, mwachie kisa hicho akakae nacho.

Halafu huyo mpokea simu lazima afanyiwe majaribio. Kiswahili cha vitabuni hakitoshi. Mama akipiga akasema "mtoto anaendesha tangu jana", aliyejifunzia kwenye kamusi atawaza gari. Kuna wanaosema anahara, wengine anaharisha, wengine tumbo linamkata tu, na wote wanataka msaada ule ule.

Kwa usiku, mtu akiwa hayupo, kuna njia ya kuunganisha watu watatu kwenye simu moja: mwananchi, mhudumu na mkalimani aliyeko kwake. Australia wanafanya hivyo tangu 1973, wakati simu zilikuwa za waya.

Fundi_Laini alijibu:

Mimi ni mtu wa mitambo, mengine nawaachia nyie. Namba iwe fupi na iwe bure, bila hivyo watu watabipu. Na wakibipu, mfumo uwapigie, haya ni mambo ya kawaida sasa. Wakati wa Ebola ya 2014, Sierra Leone walitumia 117, tarakimu tatu tu, mtu anaikumbuka hata akiwa na hofu. Ugonjwa ulipopungua hawakuizima, iliendelea kupokea taarifa za vifo.

Kuhusu ile rekodi: neno la kwanza kabisa liwe "Karibu", hata kabla ya jina la ofisi. Mtu akisikia neno moja la lugha yake atavumilia yanayofuata. Makaburi yasogee chini.

Mwalimu_Chekechea aliandika:

Hayo makaburi yametuchekesha nyumbani, asanteni.

Niwape mrejesho. Afisa afya nimemwona. Nilimpigia ile namba mbele yake, nikaweka spika, nikanyamaza. Aliisikiliza hadi mwisho. Alipofika kwenye 9 akaniuliza simu hiyo inaita wapi. Nikamwambia hilo ndilo lililonileta. Ikabidi tuizungukie ofisi kwa ofisi, yeye mbele mimi nyuma. Tukaikuta chumba cha kuhifadhia mafaili, juu ya kabati, inaita peke yake.

Hakuahidi kubwa. Amesema rekodi itabadilishwa, na ametuingiza kwenye kikao cha kamati. Orodha ya watumishi wanaojua Kiswahili nimemwomba, bado anaitafuta. Majina yote kwenye daftari nimeyafuta kwa wino mweusi, maana humo kuna siri za watu. Visa vya mzee wa kidonge na mama wa kikombe nimeomba kuvitumia, bibi nesi, kama hutajali.

Yule mama wa chanjo amekubali kuja kusema mwenyewe. Alitaka nimtafsirie. Nimemwambia aongee Kiswahili chake, mimi nitakaa nifunge mdomo wangu. Kama kuna mjumbe asiyeelewa, naye aone inavyokuwa.

Nesi_Mstaafu alijibu:

Vitumie, mwanangu. Na mtoto alishachanjwa? Kikao saa ngapi?

Mwalimu_Chekechea aliandika:

Amechanjwa Alhamisi, kituo cha mbali lakini amechanjwa. Kikao saa tatu asubuhi. Barua imeandika 9. Nimepiga kuhakikisha, mara mbili.