Tupeane uzoefu: vifaa vya intaneti vya kutazama na kusikiliza, kipi kimedumu na kipi kimekufia mkononi?

Kioo Kipana (mwanzisha uzi)
Habari zenu wakuu. Runinga yangu janja imegoma kufungua programu ya filamu niliyoizoea. Kioo kizima, rangi bado safi, sauti haina tatizo. Kinachotokea ni ujumbe tu kwamba kifaa hiki hakitumiki tena na programu hii. Yaani mwili mzima, roho imetoka.

Nimefuatilia nikaona ni ugonjwa wa dunia nzima. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya runinga za zamani za Samsung na visanduku vya zamani vya Roku. Machi 2025 Chromecast za kizazi cha 2 (vifaa vidogo vya Google vya kuchomeka kwenye runinga), zilizotoka 2015, ziligoma kwa pamoja kwa sababu cheti cha usalama kilichomo ndani kilikuwa kimeisha muda. Google wakatoa apdeti baadaye zikaamka, lakini waliokuwa wamekimbilia kuzifuta na kuanza upya ndio walihangaika zaidi.

Msimamo wangu sasa: runinga inunuliwe kwa kioo. Mambo ya intaneti yawe kwenye kijiti au boksi la pembeni linalochomekwa HDMI, likizeeka unabadilisha hilo tu. Nyie mnafanyaje?

Bi Rimoti
Sikubaliani nawe mkuu. Hilo boksi la pembeni lina rimoti yake, runinga ina yake, spika ina yake. Kwetu mezani zilikuwa tatu na mama mkwe kila siku anawasha kitu kimoja na kuzima kingine. Nikarudi kwenye programu za ndani ya runinga, nyumba ikatulia.

Kioo Kipana
Dada, ingia kwenye mipangilio ya runinga utafute HDMI-CEC, njia ya vifaa vilivyounganishwa kwa HDMI kuamrishana. Kila kampuni imeipa jina lake: Samsung wanaiita Anynet+, LG SimpLink, Sony Bravia Sync. Ukiiwasha, rimoti moja inatosha, na boksi likiamka linaiamsha runinga.

Bi Rimoti
Kumbe ipo! Imefichwa chini kabisa kule. Ila hoja yangu haijafa, kwa nini iwe imezimwa tangu kiwandani?

Mlaji wa Bando
Mimi kijiti changu kilikuwa kinazima na kuwaka chenyewe katikati ya mechi. Chanzo: nilikuwa nakilisha umeme kwenye tundu la USB la runinga. USB 2.0 ya kawaida inatoa nusu ampea, na vijiti vingi vinataka zaidi ya hapo vikianza kazi nzito. Chomeka kwenye adapta yake ukutani. Kwisha.

Fundi Waya
Wakuu, tuseme ukweli kuhusu Wi-Fi, maana nusu ya vifaa vinavyotukanwa humu havina kosa. Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps (megabiti kwa sekunde) 3 kwa picha ya 720p, 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Si kasi kubwa hiyo. Tatizo ni kwamba inatakiwa ifike kwenye kifaa, sio kwenye ruta.

Ruta nyingi zina mawimbi ya aina mbili. Ya 2.4 GHz yanapenya kuta vizuri lakini yamejaa: majirani wote wamo humo, Bluetooth imo, hata oveni ya maikrowevu ikiwashwa inayavuruga. Ya 5 GHz yana kasi na nafasi, ila ukuta mmoja mnene unayachosha. Kifaa kikiwa chumba kimoja na ruta, kiweke 5. Kikiwa mbali, 2.4 itakufikisha hata kama ni polepole.

Halafu kuna waya wa mtandao, ule wa kutoka kwenye ruta. Runinga nyingi, hata za gharama, tundu lake la waya lina kikomo cha Mbps 100. Utapima kasi uone Wi-Fi inakupa kubwa kuliko waya, useme fundi kanidanganya. Acha waya ubaki. Picha ya 4K haihitaji hata robo ya hiyo 100, na waya hauyumbi mtu akifunga mlango.

Mgeni wa Jiji
Naomba msaada. Boksi langu la Android limeandikwa 4K kila mahali, hata wakati linawaka, lakini Netflix inatoka ya ukungu. YouTube iko safi.

Fundi Waya
Hilo halina Widevine L1. Widevine ni kinga ya kuzuia kunakili, L1 ni ngazi ya juu na L3 ya chini, na kampuni za filamu huwa hazitoi picha ya HD kwa kifaa chenye L3. Kuna programu ndogo ya DRM Info, ipakue usome ngazi iliyoandikwa. Ikiwa L3 hakuna apdeti ya kukuokoa.

Na hayo maboksi yasiyo na jina yana jambo baya zaidi. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0: vifaa vya Android vya bei rahisi, yakiwemo maboksi ya runinga, vinavyokuja na virusi tangu dukani na kutumia intaneti yako kwa kazi za wahalifu. Vilivyoathirika ni zaidi ya milioni 1. Likikutaka uzime Play Protect (kinga ya Google inayokagua programu hatari) ndipo lifanye kazi, lichomoe. Ukiwa bado unalitumia, angalau liweke kwenye mtandao wa wageni wa ruta, mbali na simu na kompyuta yako.

Mgeni wa Jiji
Limeandika L3. Nimelichomoa.

Abiria
Mimi ni mtu wa safari, kwa hiyo kishikwambi na kisoma vitabu. Kisoma vitabu cha wino wa kielektroniki ndicho kifaa pekee ninachosahau kukichaji, kwani kioo chake kinakula umeme hasa pale unapogeuza ukurasa. Kishikwambi kina mtego mmoja: filamu ulizopakua ndani ya programu zina muda wa leseni, na nyingine ukishaanza kutazama unabakiwa na saa 48 tu. Fungua programu ukiwa bado na mtandao uhakikishe zinacheza, usisubiri uwe angani.

Sikio Moja
Spika yangu ya Bluetooth ni nzuri kwa muziki, kwenye filamu midomo inatangulia maneno. Nimehamia spika ya waya wa HDMI ARC, tundu la HDMI linalotoa sauti ya runinga kwenda kwenye spika, tofauti ni kubwa.

Mlaji wa Bando
Kuna anayejua kwa nini flashi ya GB 64 inakataa filamu moja tu niliyoirekodi mwenyewe kwenye harusi? Nafasi ipo tele.

Abiria
Itakuwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili kwenye flashi. Haipokei faili moja linalofika GB 4. Fomati kwa exFAT, mfumo mpya zaidi, ila hamisha vyako kwanza, kufomati kunafuta vyote.

Mlaji wa Bando
Imekubali. Sasa nyingine niliyopewa inaleta picha, sauti hamna.

Fundi Waya
Angalia kama sauti yake ni ya aina ya DTS, runinga nyingi haziisomi. Ichezee kwenye VLC (programu ya kuchezea filamu) ndani ya kijiti chako badala ya kuchomeka flashi kwenye runinga. Ikigoma tuma jina la sauti linavyoonekana humo.