MJADALA: Wanafunzi wa udaktari waondolewe kliniki za saratani huku Nyanda za Juu Kusini?

Tabibu, Rungwe:
Ndugu zangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, kuna wanaotaka wanafunzi wa udaktari waondolewe kliniki za saratani, wajifunzie wodini tu, kwa kuwa wanawaaibisha wagonjwa na foleni inakuwa ndefu. Mimi napinga. Tena waongezewe muda wa kukaa kliniki.

Wodini mwanafunzi anamkuta aliyezidiwa: ameishiwa damu, anatapika, ndugu wanateta mlangoni. Lakini wengi wanaotumia dawa za saratani hawalazwi. Wanakuja asubuhi, wanapimwa damu, wanatundikiwa dripu, jioni wanarudi makwao. Mwanamke aliyemaliza tiba ya saratani ya titi miaka iliyopita na leo analima viazi vyake, wodini humpati. Yuko kliniki, kwenye benchi, amekuja kuangaliwa. Daktari asiyewahi kukutana na huyo anamaliza chuo akiamini saratani ni kifo, na ndivyo atakavyomweleza mgonjwa wake. Mgonjwa akishasikia hivyo anakwenda kwa mganga wa kienyeji, na anaporudi hospitali kidonda kimeshatoboka.

Halafu kuna suala la homa, ambalo linaniuma zaidi. Dawa za saratani hushusha chembechembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na maambukizi, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Siku hizo mgonjwa hayuko kwa mabingwa, yuko kwao Makete au Chunya. Joto likifika nyuzi 38 hiyo ni dharura, anatakiwa kuchomwa antibayotiki haraka. Nimepokea mgonjwa ambaye kwingine alipewa dawa mseto ya malaria akaambiwa akapumzike. Aliyempa hakuwa mzembe. Hakuwahi kufundishwa mahali ambapo dawa hizi zinatolewa.

Mama wa Uyole:
Daktari, nimekusoma na nakuheshimu. Mimi nimeugua titi. Niliingia chumbani nikakuta vijana wamesimama ukutani, nikaambiwa nivue blauzi. Hakuna aliyeniuliza. Utamkataliaje mtu aliyeshika faili lako? Nilipotoka nilitaka kuacha tiba. Hilo nalo lihesabiwe.

Muuguzi, Iringa:
Daktari mmoja, benchi limejaa tangu alfajiri, na wengine wametoka mbali wanawahi basi. Akianza kufundisha, nani atawahudumia?

Mwanafunzi wa mwaka wa nne:
Shikamoo mama, na pole sana. Dada muuguzi, ule muda wa kungoja benchini ungetumika. Mwanafunzi akae pembeni na mgonjwa aliyekubali, achukue historia yote: uvimbe ulianza lini, dawa zilimsumbua vipi, nauli anapata wapi. Daktari akimwita, maelezo yako tayari. Kusimama ukutani hata sisi hakutufundishi kitu.

Tabibu, Rungwe:
Mama, pole. Ulichofanyiwa hakikubaliki popote. Napendekeza hivi: muuguzi ndiye aombe ruhusa, nje, daktari hayupo, na anayekataa asipoteze nafasi yake kwenye foleni. Chumbani aingie mwanafunzi mmoja. Na huyo mmoja afuatane na mgonjwa huyohuyo mizunguko yote ya dawa, ampigie simu ile wiki ya pili kumuuliza kama ana joto.

Mama wa Uyole:
Kwa simu hiyo nakubali kabisa, maana wiki ile ndiyo ngumu na unakuwa peke yako. Ila mwanafunzi atakayenikagua kifua awe wa kike.

Mwanafunzi wa mwaka wa nne:
Mama, hapo naomba tuzungumze. Mimi ni wa kiume. Kesho nikipangwa wilayani daktari ni mimi peke yangu, na mwanamke akaja na uvimbe usiouma, nisipojua kuushika nitamwambia hauna shida.

Mama wa Uyole:
Basi uniulize mwenyewe, mwanangu, tukiwa tumekaa, kabla sijavua. Nikisema hapana, iwe hapana.