Wakuu, naomba ushauri: kubakapu chaneli za Baofeng UV-5R kwa terminali tu, skrini sina

Mtoto_wa_Tabata:
Habari za jioni wakuu, na wazee wangu mlioko humu shikamooni.

Nina redio ya mkononi ya UV-5R ambayo chaneli zake nimeziingiza kwa vidole, kwenye menyu ya redio yenyewe. Aliyewahi kufanya hivyo anajua adhabu yake. Sasa nataka kuongeza nyingine, na wenzangu wawili wenye redio kama hiyo wanataka orodha yangu. Kabla sijagusa kitu nataka nakala ya kila kilichomo, ili nikiharibu nirudishe.

Tatizo ni kwamba kompyuta yangu skrini imekufa. Ina Linux ya Ubuntu 22.04, naingia kwa ssh kutoka kwenye simu, kwa hiyo CHIRP (programu ya kupanga chaneli za redio) ya kubofyabofya hainisaidii. Kebo nimenunua Kariakoo. Nikiichomeka, dmesg (ripoti ya kernel) inaonyesha ch341, dereva ya chipu ya kebo, na ttyUSB0, njia ya kuifikia kebo, halafu inatokea hii na ttyUSB0 inapotea:

usbfs: interface 0 claimed by ch341 while 'brltty' sets config #1

Kebo ni mbovu nirudishe dukani, au kuna namna?

Bosi_Kinondoni:
Mkuu si uchomeke kwenye TV kwa HDMI yaishe? Terminali ya nini kwa kazi ya dakika tano.

Mtoto_wa_Tabata:
TV ya nyumbani ni ya familia nzima mkuu, na saa hizi kuna tamthilia. Nikiigusa rimoti patachimbika 😂

Fundi_Mawimbi:
Usiirudishe kebo, nzima kabisa. Huyo brltty ni programu ya kuwasaidia wasioona, inaendesha vifaa vya nukta nundu. Baadhi ya vifaa hivyo vina chipu yenye namba za USB sawa na CH340 iliyomo kwenye kebo yako, kwa hiyo inadhani umechomeka kifaa chake na kukinyakua. Kama humo ndani hakuna anayekitumia:

sudo apt remove brltty

Halafu jiingize kwenye kundi la wanaoruhusiwa kugusa ttyUSB0, utoke kwenye ssh na kuingia upya, la sivyo kundi halitashika:

sudo usermod -aG dialout $USER

CHIRP ina ndugu yake wa terminali anaitwa chirpc, anakuja kwenye furushi hilohilo. Pakua faili ya .whl kutoka tovuti ya CHIRP, uisakinishe kwa pipx install --system-site-packages, ukimalizia na jina la faili hiyo. Ukimaliza, zima redio, chomeka kebo, washa redio, sauti ipandishe kidogo, kisha:

chirpc -r Baofeng_UV-5R --serial=/dev/ttyUSB0 --mmap=uv5r-$(date +%F).img --download-mmap

Hapo inasoma kutoka kwenye redio kwenda kwenye faili. Kurudisha ni amri hiyohiyo, ila jina la faili liwe la nakala unayoitaka na mwisho uweke --upload-mmap. Angalia sana neno hilo la mwisho kabla ya kubonyeza Enter, hasa ukiwa kwenye kioo kidogo cha simu. Download inaijaza faili, upload inaifuta redio na kuijaza upya.

Ikikwambia redio haijibu, tisa kwa kumi ni plagi ile ya pini mbili. Haijaingia mpaka mwisho. Isukume kwa nguvu mpaka usikie imekaa. Kuna watu wanachonga plastiki ya pembeni kwa wembe ndipo iingie.

Dada_wa_Kernel:
Naongezea hapo kwa Fundi. Usiiamini faili kwa sababu tu ipo. Isome ndani:

chirpc --mmap=uv5r-2.img --list-mem

Hii haihitaji redio wala kebo. Mimi husoma redio mara mbili kwa majina tofauti, uv5r-1.img na uv5r-2.img, natoa orodha ya kila faili, kisha diff ionyeshe kama zinatofautiana. Usilinganishe faili za .img zenyewe kwa cmp, maana ukizungusha masafa kidogo kati ya usomaji wa kwanza na wa pili zitatofautiana hata kama chaneli ni zilezile, na utapata presha bure. Ile ya kwanza kabisa ipige chmod 444 isiandikwe juu yake na uitume kwingine nje ya hiyo kompyuta. Kompyuta yenye skrini iliyokufa ina kingine kinachofuata kufa.

Mzee_wa_Upanga:
Marahaba kijana. Mimi swali langu haliko kwenye kompyuta. Hizo chaneli unazotaka kuongeza unazitoa wapi? Nimeona vijana wanachukua orodha za Wamarekani mtandaoni wanazimwaga zote 128 kwenye redio. Kule bendi ya mita 2 inafika 148 MHz. Sisi tuko Kanda ya 1 ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), mwisho wetu ni 146. Na kwenye sentimita 70 baki kati ya 430 na 440. Baofeng haikukatazi kitu, ukibonyeza inarusha tu, na huko juu kuna watu wamepewa masafa yao. Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, unayo?

Mtoto_wa_Tabata:
Ninayo mzee wangu, alama yangu ya kuitwa hewani inaanza na 5H ya Tanzania kihalali kabisa. Ninazoongeza ni 145.500 ya kuitana, APRS (ya kutuma mahali ulipo na ujumbe mfupi) 144.800, na za kituo cha anga cha ISS: kusikiliza 145.800, na ripita yake, inayopokea na kurusha tena, kupandisha 145.990 yenye toni ya 67 Hz, kushusha 437.800.

Mzee_wa_Upanga:
Hapo sawa. Endelea.

Mtoto_wa_Tabata:
MREJESHO. brltty imeondoka, kebo imetulia, plagi nimeisukuma mpaka kidole kikauma. Nimesoma mara mbili, diff kimya. Nikafuta chaneli moja makusudi, nikarudisha, ikarudi. Asanteni sana.

Redio ya mwenzangu wa kwanza imepokea faili yangu vizuri. Ya pili imekataa, inadai faili haiendani. Nje zinafanana kama mapacha! Kuna namna ya kulazimisha?

Fundi_Mawimbi:
Usilazimishe kabisa. UV-5R zina matoleo tofauti ya programu ya ndani, na .img ni picha ya kumbukumbu nzima, mipangilio na vipimo vyake vyote. Inafaa redio iliyotoka, au ya toleo lilelile. Bonyeza 3 huku unawasha, uone toleo la kila moja.

Kwa huyo wa pili, kwanza download ya redio YAKE, iwe bakapu yake. Chaneli zihamishe kwa CSV (faili ya jedwali): tafuta rafiki mwenye skrini, fungua .img yako kwenye CHIRP ya kawaida, toa CSV, fungua .img ya mwenzako, ingiza hiyo CSV, rudi na faili nyumbani, upload. Ukikomaa na terminali, chirpc ina --set-mem-freq na --set-mem-name za kuhariri chaneli moja moja ndani ya faili. Soma --help, fanya kwenye nakala, hakiki kwa --list-mem.

Mtoto_wa_Tabata:
Nimeelewa mkuu. Kesho naenda kwa Bosi_Kinondoni mwenye HDMI zake 😂 Ila wa kwanza naye kanipigia sasa hivi analalamika, akiwasha redio inaandika alama yangu ya 5H.

Dada_wa_Kernel:
Ndiyo picha nzima hiyo aliyosema Fundi, hata salamu ya kuwasha imehamia. Mwambie aingie menyu ya PONMSG aweke FULL, salamu haitaonekana. Ukipata skrini kesho, mbadilishie kwenye Settings uandike ya kwake.