Baa kali za kokteli na wain ukiwa safarini, mnachaguaje?

Wadau, nikifika mji mpya lazima niingie baa moja ya maana, ila zile maarufu zimejaa watalii na bei imechangamka. Nyie mnafanyaje?

— Usizidharau mkuu. Harry's Bar ya Venice ipo tangu 1931 na kokteli ya Bellini ilizaliwa pale, pichi na prosecco (wain ya Italia yenye mapovu) basi, we nenda mapema kabla hakujajaa. Halafu Long Bar ya hoteli ya Raffles, Singapore, unakula karanga maganda unatupa chini ruksa, wakati nje ukitupa taka faini 😂

— Mi nakaa kaunta tu, wain naagiza glasi sio chupa, afu namuuliza anayechanganya vinywaji yeye akitoka kazini anakunywaga wapi. Machimbo yote nimeyapata hivo.

— Na kandambili acheni hotelini, kuna sehemu hawakuingizi