Naombeni ushauri, nimchukue doula anisindikize leba au niache? Nipo Mwanza

Mama K wa Buhongwa

Habari za jioni wapendwa. Nina mimba ya wiki 29, mtoto wa pili, nakaa Buhongwa. Mume wangu yuko mgodini Geita, anaingia wiki mbili anatoka moja, kwahiyo uchungu unaweza kunikuta niko ndani na mtoto wa miaka minne tu. Mama yangu mzazi alitangulia mbele za haki mwaka juzi.

Kinachonisumbua ni ule uzazi wa kwanza. Nilijifungulia hospitali moja sitaitaja, niliingia saa mbili usiku nikapimwa nikaambiwa njia imefunguka sentimita tatu, basi nikaachwa pale kitandani mpaka alfajiri. Manesi walikuwa wawili na wazazi tumejaa, siwalaumu sana, ila yani hakuna mtu aliyenishika hata mkono. Mama alikuwa nje kwenye benchi na chupa ya chai, kila saa anamuuliza mlinzi naweza kuingia, anaambiwa hapana. Ukutani kulikuwa na saa imesimama kwenye saa nne na dakika kumi, uchungu ukija naitazama hiyo, ukiondoka naitazama hiyo hiyo, mpaka leo nikiona saa iliyosimama mwili unasisimka. Mtoto alitoka salama namshukuru Mungu lakini hofu bado ninayo.

Sasa kuna dada nimemuona Instagram anasema yeye ni doula, yupo hapa hapa Mwanza, anakaa na wewe kuanzia uchungu unapoanza mpaka mtoto anashika ziwa. Anataka laki tatu na nusu, nusu nitangulize. Shangazi yangu wa Nansio anasema hiyo hela ninunulie vitu vya mtoto, atapanda meli aje mwenyewe. Na mama mkwe wa Misungwi ameshasema ataleta mizizi ya kusukuma uchungu. Nimechanganyikiwa jamani. Aliyewahi kuwa na doula aniambie anafanya nini hasa na nitamjuaje aliye mzuri.

Mkunga wa Zamu

Pole sana dada na pole kwa msiba wa mama. Mimi ni mkunga, niko leba mwaka wa 11 huu, nakuandikia kama ningemwandikia mdogo wangu.

Doula hapimi njia, hachomi sindano, hasikilizi mapigo ya mtoto na hazalishi. Kazi yake ni kukaa na wewe. Ukisikia hivyo unaona ni kazi ndogo lakini sisi tulioko ndani tunajua tofauti ya mama mwenye mtu na mama asiye na mtu. Kuna mapitio ya tafiti yalitoka Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, mwaka 2017, tafiti 26, wanawake zaidi ya 15,000, waliokuwa na mtu pembeni muda wote walijifungua kawaida wengi zaidi, upasuaji ukapungua na uchungu ukawa mfupi. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2018 likasema kila mama awe na msindikizaji anayemtaka yeye mwenyewe. Hawakusema lazima awe wa kulipwa.

Kwahiyo kabla hujatoa hata mia, nenda pale unapotaka kujifungulia ukaongee na nesi inchaji wa wodi ya wazazi. Wodi zetu nyingi ni za wazi, kati ya kitanda na kitanda ni pazia, ndo maana wanaume wanazuiwa na hata wanawake wanazuiwa. Muulize kama mtu anaruhusiwa, ni mmoja au wawili, anakaa mpaka mtoto anatoka au muda wa kusukuma anatolewa, na ikitokea operesheni inakuwaje. Usipouliza, huyo doula wako atakaa kwenye benchi lile lile alilokaa mama na laki tatu na nusu imeenda.

Mizizi naomba sana usinywe. Inakaza mji wa mimba kwa nguvu ambayo hakuna anayeipima, mtoto anachoka, na mji wa mimba unaweza kupasuka. Na mbaya zaidi mama anakunywa nyumbani hatuambii, na sisi tunamwekea dripu ya uchungu juu yake. Nimeyaona haya kwa macho yangu.

Mama Wawili Nyegezi

Mimi nilikuwa na doula kwa mtoto wa pili. Kilichonisaidia zaidi ya vyote ni kiganja chake. Uchungu ukianza ananikandamiza hapa chini ya kiuno juu ya makalio, anakaza kabisa mpaka uchungu upite, alafu anaachia, na mimi nimepiga magoti nimeegemea kitanda. Ananikumbusha kwenda kukojoa, ananipa maji kidogo kidogo, ananiambia legeza taya, maana nilikuwa nauma meno kiasi kwamba kesho yake kichwa kiliuma. Nesi akisema kitu sijaelewa ananirudishia taratibu kwa Kiswahili cha nyumbani. Hakuwahi kubishana na nesi hata mara moja.

Ila kabla yake niliongea na mwingine nikamkataa. Alianza kuwasema manesi vibaya kabla sijamaliza chai, alafu akaniambia nisiende hospitali mpaka yeye aseme. Hapana. Chupa ikipasuka, damu ikitoka, kichwa kikiuma na macho yakaona ukungu, mtoto akipunguza kucheza, unaenda saa hiyo hiyo, humsubiri mtu. Doula anayejua kazi ndo wa kwanza kukwambia twende.

Kaonane naye uso kwa uso. Muulize amesindikiza wazazi wangapi na muombe namba ya mmoja uongee naye. Na hili wengi wanasahau, siku hiyo akiwa kwa mzazi mwingine au anaumwa nani anakuja badala yake? Hapa kwetu doula hana leseni kama mkunga, wengi wamesoma kozi za mtandaoni, sio vibaya. Lakini akijiita mkunga hapo mambo ni mengine, lazima awe amesajiliwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Na makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari.

Baba N Igoma

Mimi niliyekuwa nje ya geti naongea. Mwambie shemeji apange likizo yake mapema. Siku hizi kuna daraja la Kigongo-Busisi, kusubiri kivuko hakuna, akitoka Geita anapita Sengerema, Usagara, anatokea hapo hapo Buhongwa. Na wewe uwe na bajaji mbili mlizokubaliana na namba zao, usiku wa manane wa kwanza asipopokea unapiga wa pili. Foleni ya Mkuyuni asubuhi unaijua.

Binti Kirumba

Dada mimi naona shangazi usimwache. Ila uchungu hausubiri meli, mlete wiki ya 36 asiletwe siku ya uchungu. Na umuulize ukweli, anaweza kuona damu? Wangu alizimia, tukawa wagonjwa wawili.

Mama K wa Buhongwa

Mungu awabariki, nimesoma yote na mume wangu amesoma. Naleta mrejesho.

Jana nilienda kuonana na inchaji. Amesema mwanamke mmoja anaruhusiwa kama wodi haijafurika, anakaa mpaka mwisho, ila operesheni haingii, na anataka amuone huyo mtu kliniki angalau mara moja. Nilipotoka pale nililia kwenye daladala. Kumbe mtu anaweza kuruhusiwa.

Leo nimekutana na yule dada doula, tulionana Nyegezi. Ni mpole na hakunidanganya, kasema amesindikiza sita tu na hana wa kumshikia nafasi. Hapo nikawaza sana, maana siwezi kuweka roho yangu yote kwa mtu mmoja ambaye siku hiyo anaweza asiwepo. Tumekubaliana hivi: atanipa siku tatu, anifundishe mimi na shangazi wote, kukandwa kiuno, kupumua, kukaa, na siku yenyewe awe kwenye simu, laki moja na ishirini, nalipa kila tukimaliza siku. Wa kuingia ni shangazi, anakuja wiki ya 35. Nimemuuliza kuhusu damu, kasema yeye ndo alimshika mama yangu siku nazaliwa mimi. Sikuwahi kulijua hilo.

Mama mkwe amepewa mtoto na nyumba, mizizi mume wangu kaongea naye, tumekubaliana alete michembe. Shangazi anauliza kama anaruhusiwa kuingia na rozari.

Mkunga wa Zamu

Rozari aje nayo. Na kandambili safi.