Nimechoka na hii "Mbaruk alishindwa kwa kukimbia", nani anawafundisha watu hivi?

Assalaam alaykum wadau. Naandika na hasira kwa hiyo mnivumilie.

Jumamosi nlikuwa kwa mjadala wa historia hapa Mji wa Kale Mombasa, walioandaa siwataji, mtoa mada akasimama mbele ya watoto wa sekondari akawaambia vita vya Mazrui, ule ukoo wa Kiarabu wa pwani uliopigana na Waingereza 1895, ni vya siku moja tu, Wazungu walipanda Mwele ngome ya Mbaruk bin Rashid mkubwa wa Gazi kusini mwa Mombasa, boma likaanguka Mbaruk akatoroka kwisha habari, mbinu mbovu na mzee mwenyewe mwoga. Watoto wanaandika kwa daftari hivyo hivyo. Nanyanyua mkono naambiwa muda umeisha. Wallahi sikulala vizuri.

Haya twende kwa hesabu. Mwele imetekwa Agosti 1895, Admirali Rawson wa Uingereza kaenda na mabaharia wa manowari na Wasudani na askari wa Zanzibar, ndo hiyo siku moja anayosema. Mbaruk kaweka silaha chini lini? Aprili 1896. Miezi minane baadaye! Sasa hiyo miezi minane walikuwa wakimsaka nani huko porini mpaka Machi ikabidi waletewe kikosi kizima cha jeshi la India kutoka Bombay? Mtu aliyeshindwa kwa siku moja haletewi jeshi la kuvuka bahari.

Na kuacha boma si uoga. 1882 Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Zanzibar, alipanda Mwele hiyo hiyo kwa niaba ya Sultan Barghash, akaichukua, Mbaruk akapenya akatoka na watu wake na miaka kumi na tatu baadaye bado alikuwa mkubwa wa Gazi. Kwake boma lilikuwa la kumchelewesha adui, vita vyenyewe viko msituni, unampiga mwenzio njiani akiwa na mizigo halafu unapotea. Angekaa Mwele afe na kila mtu ndani ndo mngemwita shujaa? Rawson huyo huyo mwaka 1896 alipiga kasri la Zanzibar, mambo hayakufika hata saa moja, kwa sababu kule watu walikaa mbele ya mizinga ya meli. Mbaruk alikataa kukaa mbele ya mizinga. Hiyo ndo akili ya vita kwa mtu asiye na meli.

Sisemi alikuwa hana makosa, anayo makubwa, ila si hayo mnayofundisha watoto. Kosa lake mimi ninaloliona ni kuchoma na kupora vijiji vya pwani. Ukipigana vita vya msituni chakula chako kiko kwa wenyeji, habari zako ziko kwa wenyeji, sasa ukishawachomea nyumba nani atakuficha? Watu wa vituo vya misheni vya Rabai na Freretown wengi walikuwa watumwa waliotoroka ama waliokombolewa, hao hawangemtakia ushindi hata kidogo, na hili wapenzi wa Mazrui hamtaki kulisikia, ukilitaja mnanuna. Waliopigania heshima ya ukoo walikuwa wenye watumwa. Liandikwe.

Halafu nyumba ilikuwa imepasuka tangu mwanzo. Vita vyote vimeanzia Takaungu, makao mengine ya Mazrui kaskazini mwa Mombasa, mkubwa wa huko Salim bin Khamis kafa mapema 1895, Waingereza wakamweka Rashid bin Salim kwa vile anawasikiza, wakampita Mubarak bin Rashid (si Mbaruk wetu wa Gazi) aliyekuwa mkubwa kwake, ndo huyu akakimbilia Gazi kwa Mbaruk na Mbaruk akakataa kumtoa. Kwa hiyo Mazrui wako pande zote mbili za bunduki. Aziz nduguye Mubarak anapigana kaskazini, Mbaruk yuko kusini, na katikati Mombasa imeshikwa na Mwingereza na bandari yake. Hakuna mbinu ya msituni inayoziba hilo pengo, baruti zako zitaisha na zake zinashuka kila meli ikitia nanga.

Mwisho ni mpaka. Ule mstari Waingereza na Wajerumani walioelewana 1886 ulipita nyuma ya mgongo wake kule Vanga. Zamani ukibanwa unateremka kusini unapumua unarudi, safari hii kavuka akamkuta gavana Wissmann na Wajerumani wake, akasalimu amri kwao si kwa Mwingereza. Akapelekwa Dar es Salaam akakaa huko mpaka akafa 1910. Miaka kumi na nne ugenini, na Gazi yake iko karibu hivi, hata leo ukivuka feri ya Likoni unafika kabla chai haijapoa kwa chupa.

Hao watoto wa Jumamosi nataka warudiwe waambiwe tarehe zote mbili, Agosti na Aprili, na waambiwe pia kuhusu vijiji vilivyochomwa. Nimeshawaandikia waandaaji mara mbili, kimya. Kama kuna mtu humu mzee wake ni wa Gazi ama Kwale ama hata Rabai na alisimuliwa vita hivi upande wao, tafadhali andika hapa chini, nitachapisha niwapelekee mwenyewe kwa mkono.