Tairi za dabo za nyuma za Canter zinabadilishwaje? Ya ndani inaisha kabla ya mwenzake

KitunguuMangola:
Wadau habari za jioni. Nina Canter napiga nayo vitunguu toka Mang'ola kuja soko la Kilombero hapa Arusha, kurudi napata simenti au mbolea kwahiyo gari haitembei tupu. Shida ni tairi za nyuma, upande wa kulia ile ya ndani imeshakuwa kipara kabisa na ya nje bado ina kashata (yale meno ya tairi) ya kutosha tu. Nimenunua mbili mpya nikaenda kwa mafundi tairi, mmoja anasema zote sita zizungushwe kwa msalaba kama gari ndogo, ya mbele kulia iende nyuma kushoto na kuendelea, jirani yake anadakia eti dabo haichezewi ukishafunga umefunga mpaka ziishe. Nimsikilize nani? Na hizo mpya zikae wapi? Dereva anazitaka mbele, tandiboi yeye anataka tu yasiwe mambo ya kupiga jeki usiku porini 😂

FundiPasua:
Mkuu achana na wote wawili. Gari ndogo kila tairi inajitegemea, dabo ni tairi mbili zimebanwa habu moja, zinazunguka mzunguko ule ule zitake zisitake. Sasa kama moja kubwa moja ndogo, kubwa inabeba mzigo, ndogo inaburuzwa, sawa na kumfunga dume na ndama nira moja.
Cha kwanza pima. Chukua futi kamba, zungushia tairi katikati ya kashata, zikiwa zimejazwa upepo sawa na ziko juu ya jeki. Pacha zisipishane zaidi ya milimita 6 za kipenyo, kwenye mzunguko ni kama 19 hivi. Kwa macho, kina cha kashata kisipishane zaidi ya mm 3. Unaweza kuona 19 ni kitu kidogo, ila tairi ya Canter inazunguka mara 400 na kitu kwa kilomita moja, kwa hesabu ya kalamu ni mita 7 na ushee za kuburuzwa kila kilomita, na ukiwa na mzigo mpira unaolika hapo ni wako.
Mpya zote mbili mbele, dereva wako yuko sahihi. Zile za mbele za zamani zimeisha pamoja kwahiyo zinalingana, zipeleke nyuma kulia zote mbili kama pacha. Ile ya nje ya kulia iwe stepni. Kipara tupa.

chalii_wa_sakina:
Hapo fundi sikubaliani. Ukifanya hivyo kulia na kushoto zitapishana, difu itakuwa inafanya kazi muda wote hata kwenye mnyoofu wa Kisongo. Bora hizo za mbele za zamani zigawanywe moja kila upande, ziwekwe nje.

FundiPasua:
Chalii yangu difu kazi yake ndio hiyo, kupishanisha kulia na kushoto kwenye kona, tofauti ndogo inaivumilia. Katikati ya pacha hakuna difu, kuna nati tu. Ukigawa moja moja umeharibu pande zote mbili badala ya kutengeneza mmoja. Ila ni kweli zikipishana sana kulia na kushoto sio sawa, pima zote nne kabla ya kuamua. Na pacha zikipishana kidogo ndani ya kipimo, kubwa ndio ikae nje, maana ekseli ikilemewa inapinda kidogo na ya ndani ndio inaonewa.

MamaCanter_Machame:
Kaka kabla hujahamisha chochote angalia upepo wa hiyo ya ndani. Mimi vijana wangu walikuwa wanagonga tairi na chuma wakisikia inalia vizuri basi imepita, ya ndani hawaifikii hata hawaioni. Ikipungua upepo inakuwa fupi kuliko mwenzake, hapo hapo inaanza kuburuzwa, na ikilala kabisa ya nje inabeba mzigo wote peke yake mpaka ipasuke. Mwambie fundi akifunga valvu ya ndani ionekane kwenye tundu la rimu ya nje upimie bila kufungua. Na hiyo barabara yenu ya Mang'ola mawe yanakaba katikati ya tairi, yatolewe kabla ya kuingia lami.
Kingine usichanganye tairi ya waya (radial) na ya nailoni kwenye pacha, hata kama saizi imeandikwa moja.

mzee_wa_himo:
Hakuna aliyegusa nati. Canter nyingi za zamani upande wa kushoto zina uzi wa kushoto, angalia kichwa cha bolti kimegongwa L, kufungua unazungusha kwenda kulia. Vijana wanapanda juu ya wili spana mpaka bolti inakatika. Halafu rimu ya ndani ina nati yake, ile ndefu yenye kichwa cha pembe nne, inakazwa KWANZA ndio rimu ya nje inafuata, ukikaza ya nje tu ya ndani inabaki inacheza na hutajua. Ukitoka Arusha ukifika Makuyuni shuka kaza tena. Ukitaka kukaza ya ndani, legeza ya nje ya bolti hiyo moja, kaza ya ndani, rudisha ya nje, nenda bolti nyingine, sio zote kwa mpigo.

KitunguuMangola:
Aisee asanteni. Nimepima leo, kulia ya nje mita 2.41, ndani 2.36. Mama Canter umenipiga pale pale, upepo wa ndani ulikuwa karibu nusu na valvu imegeukia kwenye habu, kidole hakiingii. Za mbele zinalingana na hazijapishana sana na za kushoto, zinaenda kulia kesho. Swali la mwisho, stepni ndio hiyo ya nje, si haitalingana na hizo nyingine? Nikipata pancha je?

FundiPasua:
Haitalingana ndio. Ifunge, punguza mwendo, fika kwa mtu wa pancha ziba ya kwako urudishe. Usiende nayo mpaka Kilombero na gunia zote juu.

mzee_wa_himo:
Na hiyo stepni nayo ipimwe upepo, huwa mnaikumbuka ikishahitajika.